Wito Peke Yake Hautoshi

Ukitaka kumkasirisha mzee wa kanisa, muulize mshauri wao wa ndoa amesomea wapi. Utajibiwa kabla hujamaliza swali: ushauri ni karama, na karama haisomewi. Msikitini jibu hutofautiana maneno tu: shehe anaijua dini, na anayeijua dini anamjua binadamu. Msimamo huu umeenea kuliko ushauri wenyewe. Wanausema hata watu wenye shahada mbili, ambao wasingekubali fundi wasiyemjua aguse injini ya gari lao.

Naupinga, na naupinga nikiwa ndani. Nimekaa kwenye chumba cha ushauri cha kanisa, nimesikiliza watu, nimeomba nao. Simcheki anayeomba.

Tuupe kwanza haki yake. Wanaosema wito unatosha hawakuokota hoja yao barabarani. Wamemwona mama aliyefiwa na mtoto akitulia kwa kushikwa mkono na jirani wa jumuiya ndogo ndogo ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote. Wameona vijana wakiacha bangi kwa sababu ustadhi aliwafuata kijiweni jioni baada ya jioni bila kuwatukana. Wanajua pia kwamba daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni mtu wa kusafiriwa, na kwamba mwanasaikolojia wa binafsi mjini anatoza kwa saa moja fedha ambayo mama lishe hawezi kuitoa bila kuua mtaji. Kanisa lipo mtaani. Msikiti upo mtaani. Anayeingia pale anaonekana anakwenda kusali, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Haya yote ni kweli, na ndiyo maana siungani na wale wa upande wa pili wanaotaka viongozi wa dini waondoke kabisa kwenye ushauri, kazi waachiwe wataalamu. Wataalamu gani, wa wilaya gani? Nyumba za ibada zitaendelea kuwa mlango wa kwanza kwa Watanzania wengi, tupende tusipende. Hoja yangu inaanzia hapo hapo. Kwa kuwa ni mlango wa kwanza, na kwa wengi ni wa mwisho, hauwezi kuendeshwa kwa nia njema peke yake.

Ajabu ni kwamba waumini hawa hawa wanalijua jambo hili vizuri kwenye shughuli nyingine. Hospitali ya KCMC pale Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na ni matunda ya makanisa. Bugando kule Mwanza ni ya maaskofu Wakatoliki. Hakuna askofu, awe na upako wa namna gani, anayeingia chumba cha upasuaji na kushika kisu kwa sababu usiku ameota anaitwa. Muuguzi anayesali sana lakini hajui vipimo vya dawa haachiwi wodi. Kila mgonjwa ana faili, kila dozi ina saini, na sijasikia mtu akilalamika kwamba saini zimemfukuza Roho Mtakatifu wodini. Jeraha likiwa la moyo, ghafla utaratibu unaitwa ukosefu wa imani.

Nadhani chanzo ni dhana kwamba maneno hayaui. Sindano ikikosewa, madhara yanaonekana na ndugu wanapiga kelele. Ushauri ukikosewa, aliyeumia anaondoka kimya. Anahamia kanisa lingine, au anarudi kwa mume anayempiga, na katibu anaandika kwamba shauri limekwisha.

Tukiangalia chumba chenyewe, mara nyingi ni stoo ya nyuma, kati ya choo na mahali panapohifadhiwa spika. Kuna viti vya plastiki, meza yenye kitambaa cha maua, na ukuta wa tofali usiofika kwenye bati, kwa hiyo kila kinachosemwa ndani kinapita juu na kutua kwa akina mama wa kwaya wanaosubiri mazoezi. Nje kuna benchi. Jumatano ni siku ya mashauri ya ndoa, na mtaa mzima unajua Jumatano ni siku ya nini. Ukikaa kwenye lile benchi umeshajitangaza. Watu wamejifunza ujanja. Anakuja kama anayeulizia fomu ya ubatizo, anaitupia jicho foleni, anamwona shemeji yake, anaondoka. Huyo hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kupandisha ule ukuta, kuchanganya siku ili ndoa, msiba na mikopo vikae foleni moja, na kuihamisha kwaya ni kazi ya mifuko michache ya saruji na mtu mmoja aliyekaa akafikiri. Haihitaji maono.

Kisha kuna mahubiri. Jumapili mchungaji anasimama: "Kuna dada mmoja yuko hapa hapa ndani, mume wake alitoka nje ya ndoa, akaja ofisini kwangu analia..." Jina halitaji. Anataja duka la vitenge, anataja mapacha. Watu wanainamisha vichwa kwa adabu huku macho yakitafuta safu ya tatu. Mchungaji haoni kosa. Kwake ushuhuda unajenga kundi, na jina hakulitaja. Yule dada hatarudi ofisini, na wengine kumi waliokuwa wanajipanga kuja wameshaahirisha. Ukimweleza mchungaji hivyo, anashangaa kwa dhati. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba habari za mtu si mali ya mimbari.

Ndugu zangu Wakatoliki husema kwao hilo halitokei, kuna siri ya kitubio. Ni kweli kwamba sheria ya Kanisa haimruhusu padri kufichua alichoungamiwa kwa sababu yoyote, na adhabu ya anayeivunja ni kali kuliko zote. Lakini siri hiyo ni ya kitubio. Haimfungi katekista, haimfungi mwenyekiti wa jumuiya, wala kamati ya ndoa inayokaa sebuleni kwa mtu huku mtoto wa nyumba akipitisha soda. Watu wanaongea mbele ya kamati kana kwamba wako kitubioni, na kamati haijawahi kuwaambia kwamba hawako. Mshauri aliyefunzwa hutumia dakika tano za kwanza kumweleza mtu ni nini kitabaki chumbani na ni nini hakiwezi kubaki.

Kisichoweza kubaki ni mtoto anayeumizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye serikali ya mtaa husika. Haisemi "isipokuwa mjomba akiomba msamaha mbele ya wazee". Hata hivyo mashauri ya namna hiyo humalizwa kwa ng'ombe, kwa fedha, kwa machozi na kwa neno lile lile: tumelimaliza kifamilia. Mtoto naye anabaki nyumba moja na huyo mjomba. Namba 116 ya kupokea taarifa za watoto ni bure kuipiga. Ofisi ngapi za nyumba za ibada zimeibandika ukutani, pale ilipobandikwa ratiba ya michango ya harambee?

Kwenye ndoa ndiko wito hujivunia zaidi, na ndiko unakofanya uharibifu mkubwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro ufikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa, ndipo mahakama ipokee ombi la talaka, ukiacha hali chache zilizotajwa. Kifungu kinachofuata kinamruhusu Waziri kuitambua kamati ya jumuiya fulani, ya dini ikiwemo, kuwa baraza kwa watu wake. Maana yake ni kwamba wale wajumbe kwenye viti vya plastiki, wakishatambuliwa, wamekalia hatua ya kisheria. Karatasi inayotoka kwao inaamua kama mtu atasikilizwa mahakamani au la.

Wengi wao hawalichukulii hivyo. Wanaona kutoa hati ni kubariki talaka. Mama anaambiwa akafunge siku tatu. Akirudi, mwenyekiti amesafiri. Akirudi tena, anaulizwa kama kweli amesamehe kutoka moyoni. Hati yenyewe haivunji ndoa. Inasema tu kwamba tulijaribu, tumeshindwa. Mjumbe anayeamini talaka ni dhambi ana haki kamili ya kuamini hivyo, na ana haki ya kujitoa kwenye baraza. Hana haki ya kukalia karatasi ya mtu.

Na mjumbe huyo mara nyingi ni baba mdogo wa mume. Waislamu wana kipimo cha wazi hapa: Sura An-Nisaa, aya ya 35, inataka mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke. Usawa wa pande mbili umewekwa kabla hata maneno hayajaanza. Ukiingia kwenye kikao chenye wanaume watano na mwanamke mmoja, na huyo mwanamke ndiye mlalamikaji, dini haijatumika pale. Ukubwa ndio uliotumika.

Halafu kipigo. Kifungu cha 66 cha sheria ile ile kinasema wazi kwamba, mila iseme itakavyosema, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga. Kipigo kinapoletwa chumbani, si ugomvi wa kusuluhishwa tena. Lakini desturi yetu ni kuwakalisha wawili pamoja, mbele ya kamati, na kumtaka mama aeleze yote "kwa uwazi". Anaeleza. Wanaombewa, wanashikana mikono, wanapigwa picha. Usiku anaulizwa nyumbani kwa nini amemwaibisha mume wake mbele ya wazee. Anayeijua kazi hii huwaona mmoja mmoja kwanza. Anajua dawati la jinsia na watoto liko kituo gani cha polisi, fomu ya polisi ya PF3 inatolewa wapi, hospitali gani ina kituo cha mkono kwa mkono, na kwenye droo kuna nauli ya bajaji ya kumfikisha mtu huko. Wenzetu hupima mafanikio kwa wanandoa walioondoka wameshikana mikono. Nani alipita kuwajulia hali baada ya miezi mitatu?

Sasa aje kijana anayesikia sauti, au binti ambaye hajala wala kulala vizuri tangu Pasaka. Mshauri mwenye wito tu ana jibu moja, na ni mkesha. Sina ugomvi na mkesha. Ugomvi wangu ni na ile sentensi inayokuja baadaye: acha vidonge, ni dalili ya imani haba. Mgonjwa wa kifafa anayekatishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika akafa. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu mwaka 1927, na hadi leo wagonjwa wengi wanaofika kwenye vituo vya afya ya akili wanakuwa wameshazunguka kwa waombaji na kwa waganga mpaka fedha na nguvu za ndugu vimekwisha. Swali dogo la mshauri, "kuna dawa unazotumia?", lingefupisha safari hiyo. Sala iendelee, na dawa iendelee. Mbona kwenye kisukari tunafanya hivyo bila mjadala?

Gumu zaidi ni mtu aliyechoka kuishi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mtu huyu hapa kwetu anaingia chumbani na hofu mbili, polisi na jehanamu. Mshauri anayeanza na jehanamu anamfunga mdomo pale pale. Anayeijua kazi humuuliza kwa upole na bila kuzunguka kama amefikiria kujiua, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali humpa ruhusa ya kulisema. Kisha hamwachi peke yake, anamtafuta ndugu anayeaminika, anahakikisha vitu vya hatari vimeondolewa nyumbani, na wanakwenda naye hospitali. Hayo hayaji kwa karama. Mtu anafundishwa, anayafanyia mazoezi na mwenzake, anakosolewa, anarudia.

Hapa huwa nakumbushwa Shakahola, kana kwamba nimeitaja mimi: hao ni wazimu, sisi si hao. Mwaka 2023 kule Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa, na ni rahisi kusimama mbali na msiba wa ukubwa huo. Mimi siulizi kuhusu msitu wa Kilifi. Nauliza kuhusu vidonge vya binti wa jirani.

Je, basi tufunge vyumba mpaka tupate wanasaikolojia? Hapana, na ushahidi uko karibu. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza kazi Mbare, Harare, na bibi 14 wa kujitolea. Walikaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakazungumza lugha ya nyumbani kuhusu kufikiri kupita kiasi, madeni, waume na VVU. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Habari hii hupendwa na pande zote mbili za malumbano, na kila upande huisoma nusu. Bibi hawana shahada: hilo linawajibu wanaotaka wataalamu tu. Lakini bibi walifunzwa, wana karatasi ya maswali ya kupima hali ya mtu, wana msimamizi, na wanajua ni lini wamkabidhi mgonjwa kwa anayejua zaidi. Nusu hiyo ndiyo inayoachwa kila habari hii inaposimuliwa madhabahuni.

Wala hatuanzi sifuri. Mwaka 1992, wakati mimbari nyingi zilikuwa zinaita UKIMWI adhabu, PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ilianza kwa kikundi cha watu wenye VVU wenyewe. Huduma za namna hiyo zilitufundisha ushauri kabla ya kipimo na baada yake, daftari lenye namba badala ya jina, na kumtembelea mtu nyumbani bila kutangaza mtaani. Watu wa dini waliyajua haya. Dawa zilipopatikana na hofu ikapungua, tuliyaacha kliniki, tukarudi kwenye stoo ya spika.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, maana linakera. Wanasema huduma ya Mungu ni bure. Hakuna huduma ya bure; kuna huduma ambayo mlipaji wake hajulikani. Mshauri anayejitolea analipa nauli yake, anapoteza siku ya genge lake, na ikifika mwezi wa sita anaanza kupokea bahasha ya shukrani. Bahasha haina kosa mpaka siku mwenye bahasha anapogombana na asiye nayo. Heri kanisa liweke fungu, mshauri apate posho inayojulikana, na mlangoni paandikwe kwamba hapa mwenye shida halipi kitu. Waliopata fedha ya kinanda kipya wasiniambie fungu hilo halipo.

Wapo watakaosema nataka kuligeuza kanisa kuwa NGO. Wafungue Kutoka sura ya 18. Musa amekaa tangu asubuhi hadi jioni, watu wamempanga foleni na mashauri yao, na yeye haoni tatizo: wanakuja kumuuliza Mungu, basi anakaa. Mkwewe, mgeni aliyefika jana, anamwambia jambo analolifanya si jema, atachoka yeye na watachoka watu pamoja naye. Anamwelekeza achague watu wenye uwezo na wasiopenda rushwa, awafundishe, awagawie mashauri madogo, makubwa yapande kwake. Mafunzo, ngazi, rufaa na sifa za mshauri vimo vyote, na aliyeambiwa alikuwa na wito ambao hakuna mchungaji wa leo atakayethubutu kujilinganisha nao. Alisikia, akafanya.

Hoja ya mkwewe haikuwa ya wateja tu, ilikuwa pia ya Musa mwenyewe. Mafundisho ya wito peke yake humwumiza kwanza aliyeitwa. Namfikiria mama mchungaji ambaye simu yake inalia saa nane usiku, anabeba siri za nyumba arobaini bila mtu wa kumsikiliza yeye, na akikiri kwamba amechoka anaambiwa ameacha kuomba. Huyo anahitaji msimamizi wa kukaa naye kila mwezi. Anahitaji mwenzake wa kupokezana naye, simu ya zamu ambayo si yake, na namba hiyo iandikwe mlangoni kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani.